Mzee Zein wa Kampuni ya Kisiwa

Mwaka wa 1991 Mahira alipoacha kazi serikalini ili afungue kampuni ya uhandisi pamoja na Ngowa, babake hakumkataza. Alisema neno moja tu: "Na mimi nitakuja."

Mahira alidhani ni mzaha. Mzee Zein alikuwa mshona kofia wa mtaa wa Kibokoni, na tangu afiwe na mkewe mwaka uliotangulia hakuwa akitoka nyumbani ila kwenda msikitini. Lakini siku ya kwanza ya kazi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatia kofia aliyokuwa akiishona ndani ya kikapu pamoja na sindano na nyuzi zake, akaandamana na bintiye mpaka Biashara Street. Wakapanda ngazi pembeni mwa duka la kanga hadi chumba cha juu walichokodi.

Ngowa alikuwa keshafika, anasogeza meza ya kuchorea. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni aliyesoma na Mahira chuo kikuu Nairobi.

"Shikamoo, Baba," alisema, huku akimtupia Mahira jicho la kuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukaa. Msichana hajaolewa, na wewe una mke wako nyumbani. Mkikaa wawili chumba kimoja kutwa, watu watasema. Nikiwapo mimi, hawatakuwa na la kusema."

Mahira aliona haya hata akashindwa kuinua uso. Ngowa hakucheka. Alichagua kiti kilichokuwa na mto, akakiweka karibu na dirisha penye mwanga mzuri wa kushonea, akasema, "Karibu, Baba. Hapa pana upepo pia."

Ndivyo kampuni ya Kisiwa ilivyoanza. Kazi zilikuwa ndogondogo: ukuta wenye nyufa katika nyumba kuukuu ya Ndia Kuu, tangi la maji la shule, kivuko cha miguu huko Rabai. Mteja akimaliza ngazi, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mzee Zein. Mzee alimwamkia, akamuuliza hali za nyumbani, akammiminia kahawa. Siku moja alikuja bibi mmoja, Bimdogo, akifoka kwamba jirani yake anajenga ghorofa juu ya ukuta wao wa shirika na nyumba itamwangukia. Alipofika mezani kwa Mahira alikuwa ameshatulia, na wiki iliyofuata akarudi na sahani ya mahamri kwa ajili ya ofisi nzima.

Polepole jina lao likavuka mpaka. Kazi ya mifereji ya maji ya mvua mjini Tanga ilizaa nyingine Dar es Salaam, wakafungua ofisi huko na kuajiri wahandisi wa Kitanzania. Kisha Kampala, kisha Lilongwe. Chumba cha juu ya duka kikawa hakitoshi hata kwa ramani peke yake, wakahamia jumba la ghorofa Moi Avenue lenye lifti. Mzee Zein hakuipenda lifti, lakini aliipanda, macho ameyafumba. Wageni wa Kidachi waliotaka kushirikiana na Kisiwa walipouliza cheo chake, Ngowa aliwajibu, "Yeye alikuwa hapa kabla ya sisi kuwa na vyeo."

Mwisho wa mwaka wa 1997 zikaja mvua za El Niño. Barabara zilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, simu za Kisiwa zikawa hazinyamazi. Wakapewa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kuzifanya: kukagua madaraja ya magharibi ya Uganda na kuchora mapya pale yalipobomoka. Mmoja wao ilibidi ahamie Kampala kwa miaka miwili. Mbeyu, mke wa Ngowa, alikuwa ndio kwanza amejifungua pacha. Tena mjuzi wa madaraja alikuwa Mahira.

"Tutafute mtu mwingine," Mahira alisema.

"Yuko wapi?" Ngowa akamuuliza kwa upole. "Hiyo ndiyo kazi uliyoisubiri tangu chuoni."

"Macho ya Baba yameingia ukungu, Ngowa. Hata uzi hawezi kutunga tena, Joy wa mapokezi ndiye anayemtungia. Nani atamshika mkono njiani?"

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, Mzee Zein alimwita bintiye barazani.

"Nasikia wakataa kwenda Uganda."

"Nani amekwambia?"

"Macho ndiyo mabovu. Masikio yangu yako sawa."

Mahira akakaa kando yake. "Sitaki kukuacha, Baba."

Vidole vya mzee vikatembea juu ya ukingo wa kofia aliyoishika. "Kuna jambo sikukwambia. Mwaka ule ulipofungua ofisi, hakuna mtu aliyesema kitu. Hata mmoja. Hapa mtaani wote walikuwa wakikusifu."

"Sasa mbona...?"

"Mamako alikuwa hayupo. Ukitoka asubuhi, nabaki mimi na milango. Nasikia kikombe chake kabatini kama kwamba yuwaja kukichukua. Niliona haya, mtu mzima mimi, kumwambia mwanangu naogopa kubaki peke yangu. Nikatafuta sababu ya heshima."

Mahira aliushika mkono wake. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa sindano za miaka mingi.

"Ungaliniambia tu, Baba."

"Ungalinichukua?"

"Ningalikuchukua."

"Basi nichukue na huko. Mimi sijavuka Malindi maisha yangu. Ila uniambie kweli, kuna baridi?"

Mahira akacheka huku machozi yakimtoka, akamwambia ipo, watanunua sweta.

Walikwenda kwa ndege, mzee akimshika bintiye mkono na kusoma dua kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka Entebbe. Kampala aliupata msikiti kabla hajaijua njia ya sokoni, na ofisini wafanyakazi wakamzoea upesi, wakamfundisha salamu za Kiganda. Miezi michache baadaye Mahira alimpeleka kwa daktari wa macho, akapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa, alimtazama bintiye kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema. "Kwani huli?"

Daraja la kwanza lilipokamilika, alitaka kuliona. Miaka yote ile aliona karatasi tu. Hakuwahi kukanyaga kitu alichokijenga Mahira. Walisafiri kwa gari la kampuni tangu alfajiri. Walipofika, mzee alikataa kushikwa mkono. Alitembea taratibu, akisimama kuchungulia maji mekundu yaliyopita kwa kasi chini yake, akiugusa ukingo wa zege kwa kiganja.

Wanawake waliobeba ndizi kichwani walikuwa wakivuka kwenda sokoni. Mzee Zein akawaamkia kwa Kiganda chake kibovu, na wao, ambao lugha yao ilikuwa nyingine, wakacheka na kumwitikia.

"Mwamuona yule?" aliwaambia kwa Kiswahili, akimwonyesha Mahira aliyesimama upande wa pili, viatu vimejaa tope. "Yule ni wangu."