Kumbe Anatembea

Kwa miezi kumi na moja faili la kaka yangu lilisema kwamba hatembei. Nimelibeba mwenyewe kwapani, dirisha hadi dirisha, na sikulifungua hata siku moja, kwa sababu niliambiwa faili ni mali ya daktari. Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili nitalisema likifika, wala sitalizungukazunguka.

Kaka yangu ni kinyozi. Wateja wanamwita Wembe. Kiharusi kilimkuta ameinama anafunga kamba za viatu, kikamchukua upande wote wa kushoto. Mkono ukajikunja, kiwiko kikabana mbavuni, vidole vikafumbata ngumi isiyofunguka. Mguu nao ukafanya kinyume chake: ukanyooka, ukakakamaa, goti likagoma kupinda. Akitaka kutembea inabidi autupe nje, uzunguke kama mlango wa geti, ndipo utue.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mguu ule mgumu ndio uliomrudisha kazini. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, mashine anaishika, wembe anaushika. Akisimama nyuma ya kiti anausimika mguu wa kushoto kama nguzo, anaegemeza nyonga kwenye kiti, na ananyoa vichwa kumi na viwili kwa siku. Wateja wapya wakimtazama kwa huruma anawaambia, "Ninyi mna miguu tu. Mimi nina stendi."

Kilichomtesa ni ile ngumi. Kila asubuhi wifi yangu alikaa naye kitandani kuifungua. Anakipinda kwanza kifundo cha mkono kwa ndani, taratibu, mpaka vidole vilegee kidogo, halafu anapenyeza kitambaa cha maji ya uvuguvugu asafishe kiganja. Kucha zilikuwa zimechimba, kiganja kina vidonda, kinanuka.

"Umeficha barua ya nani humu?" wifi anamtania.

"Yako ile ya kwanza. Nikiiachia utaichana."

Tulikwenda hospitali kwa ajili ya ngumi. Ngumi tu.

Getini pale kuna mhudumu mmoja, mtu mzima, anasukuma viti vya magurudumu. Sisi tulimwita Dereva. Akimwona mtu anayechechemea, keshafika. "Kaa, mzee wangu, korido ndefu, foleni haitusubiri." Hiyo ni amri aliyopewa na wakubwa wake, kwamba wenye kiharusi wote wakalishwe, kwa sababu mtu anayejikokota anaziba njia. Kaka anakaa. Mimi namshukuru Dereva. Kila mwezi nilimshukuru! Tunasukumwa mpaka mezani kwa daktari, daktari ananyoosha mkono kutoka alipokaa, anauvuta wa kaka, anaukunja, anagonga goti, anaandika. Dakika nne. Nyuma yetu kuna mwingine ameshapakiwa.

Mwezi wa kumi na moja wa safari hizo daktari aliuvuta mkono akakunja uso. "Misuli imekaza sana. Tunaongeza vile vidonge vya kuilegeza." Kimoja mara tatu kwa siku kikawa viwili mara tatu.

"Na ngumi, daktari?" nikamuuliza.

"Kila kitu kitalegea, mama."

Hakudanganya. Siku ya nne kaka alikuwa amemlaza mteja kwenye kiti, povu usoni, ndevu za upande mmoja zimeshatoka, mguu ukayeyuka. Hakuteleza. Mguu uliyeyuka chini yake kama haukuwahi kuwepo. Alishika wembe juu ili asimkate mtu, ndiyo maana hakuweza kujishika, paji la uso likatua kwenye ukingo wa kioo. Nyuzi saba. Mteja alitoka mbio na nusu ndevu, mpaka leo hajarudi kuzimalizia.

Na ile ngumi? Ngumi ilikuwa palepale imefumba.

Kuanzia hapo kumtoa kitandani ikawa kazi ya watu wawili. Mwenye duka la kunyolea alikuja kumjulia hali, akakaa, akanywa maji, akasema kwa sauti ya upole kuliko zote alizonazo: kiti hakiwezi kukaa wazi zaidi ya mwezi. Akaniachia mimi nimweleze kaka. Sikuwa na haja, alikuwa amesikia yote.

"Miaka kumi na tisa nyuma ya kiti kile," kaka alisema akitazama ukuta. "Niwe nanyoa nimelala?"

Hapo ndipo damu iliponichemka, na hapa ndipo kosa langu la pili. Nilichukua vidonge vyote nikavimwaga chooni.

"Wifi, una hakika?" wifi yangu akauliza, amesimama mlangoni.

"Hakika? Hao waliompa walikuwa na hakika? Mbona wao hukuwauliza?"

Aligeuka akarudi chumbani kwa mumewe. Heri angenipiga kofi.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, kaka alianza kutetemeka. Mguu ulijikaza ukapiga teke ubao wa kitanda, mkono ukajikunja mpaka ngumi ikagusa shingo, jasho likalowesha godoro. Akawa anasema na mama yetu, ambaye tumemzika kitambo, anamwomba asogeze sufuria. Tulimkimbiza hospitali. Muuguzi wa zamu alituuliza anatumia dawa gani, nikamwambia, akauliza mara ya mwisho kunywa lini, nikamwambia.

"Nani aliyemwachisha?"

"Mimi."

"Dawa hii haiachwi ghafla, dada. Inapunguzwa ngazi kwa ngazi. Umeichomoa kwa mkupuo mmoja, angeweza kupata degedege, angeweza kufa." Hakunifokea. Alikuwa anatafuta mshipa wakati anasema.

Nilikaa sakafuni, nimeegemea ukuta, nikiwa na faili mapajani. Walimrudishia dawa, mwili ukatulia. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafanya baya kuliko yote, sikuona tena la kuogopa. Nikalifungua.

Kurasa kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya siku tuliyomleta amebebwa, wiki tatu baada ya kiharusi: "Hatembei. Kiti cha magurudumu." Kweli, siku ile. Ya pili: "Hatembei. Kiti cha magurudumu." Ya tatu. Ya saba, mwezi aliorudi kunyoa. Ya kumi. Maneno yaleyale, mwandiko uleule, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi moja mpaka daftari liishe. Nikaelewa. Kwa mtu asiyetembea mguu mgumu ni usumbufu tu, unazuia suruali kupita. Kwa nini usiulegeze? Daktari alikuwa akimtibu mtu mwingine kabisa, mtu aliyezaliwa getini kwenye kiti cha Dereva.

Kaka alikaa wodini siku tano, wakaanza kushusha dozi, kisha tukapelekwa kliniki, yeye, mimi na wifi. Tukasukumwa kama kawaida. Daktari alinianza kabla sijaketi.

"Mmeacha dawa wenyewe. Ninyi ndugu ndio mnaotuharibia wagonjwa."

"Si wao. Ni mimi. Nilizimwaga chooni kwa mikono hii. Andika."

Akaandika. Kalamu ilikimbia kweli siku hiyo.

"Umemaliza langu? Tuje kwenye lako. Nani alikwambia huyu hatembei?"

"Mama, mgonjwa analetwa na kiti."

"Analetwa na nani?"

Dereva alikuwa nyuma yangu, mikono kwenye vishikio. Akakohoa, akatazama dari.

"Mama, nina wagonjwa arobaini hapo nje."

"Na wote wamekalishwa. Umewahi kumwambia hata mmoja asimame?"

"Usinifundishe kazi yangu."

"Basi kaka atakufundisha." Nikafunga breki za kiti, nikakunja vile vibao vya miguu. "Kaka, simama."

Nakiri nilisema kwa sauti kubwa kuliko imani niliyokuwa nayo. Tangu aanguke hakuwa amesimama bila kushikwa, na dawa bado ilikuwa nyingi mwilini. Akianguka mle ndani, faili litakuwa limesema kweli mara kumi na mbili, na kiti cha kinyozi kitakuwa na mtu mwingine. Kaka alijua. Alinitazama kwa jicho lile la utotoni, nilipokuwa nikimponza kwa baba.

Akashika kona ya meza kwa mkono wa kulia. Akajiinua. Goti la kushoto likatikisika, likapinda kidogo, wifi akaziba mdomo. Kisha nyama za paja zikajikaza, nikaziona chini ya suruali, mguu ukanyooka ukajifunga. Nguzo. Akaachia meza. Akautupa nje ukazunguka, ukatua. Tena. Hatua nne mpaka dirishani. Akageuka, anahema, kovu linang'aa kwenye paji.

Daktari akasema, "Kumbe anatembea?"

Nimetukanwa sana maishani mwangu, na matusi yote nayakumbuka pamoja na waliotukana. Hakuna lililonikata kama hilo kumbe.

Alitoka nyuma ya meza. Ndiyo mara ya kwanza kuviona viatu vyake. Akachuchumaa, akashika paja la kaka akiwa wima, akashika goti, akamwambia atembee tena, akamfuata kwa macho. Alipoinuka sauti ilikuwa imebadilika.

"Huu mguu tuuache. Akilegezwa hapa anaanguka."

"Alishaanguka," wifi akasema. "Nyuzi saba."

Akaeleza mpango mpya. Vidonge vishuke polepole mpaka dozi ya zamani. Ngumi itibiwe peke yake: sindano ya kulegeza misuli, ichomwe kwenye misuli ya kigasha inayokunja vidole, isiguse kwingine. Nguvu yake ni kama miezi mitatu, kwa hiyo mama wa mazoezi aanze mapema kuvinyoosha vidole na kumtengenezea ganda la plastiki la kuushikilia mkono ukiwa wazi.

"Sindano hiyo imekuwepo hapa tangu lini?" nikauliza.

"Ipo."

"Tangu lini?"

"Kitambo, mama. Lakini kwa mgonjwa asiyetembea huwa tunaishia kwenye vidonge."

Nikamsogezea faili afute. Alikata mstari kwenye ukurasa wa mwisho tu, akasema zile nyingine ni kumbukumbu. Sawa. Kumbukumbu ninazo mimi pia.

Siku ya ishirini na sita tangu mwenye duka atupe ule mwezi, kiti kikiwa bado wazi, kaka alisimika stendi yake nyuma ya kiti. Sindano alikuwa ameshachomwa, kiganja kimekauka vidonda, vidole vimefunguka kiasi cha kushikilia taulo. Mwenye duka alikuwa wa kwanza kunyolewa. Nadhani alikaa kwa aibu.

Mwezi uliofuata tulirudi kliniki. Dereva akaja na kiti mbiombio. "Kaa, mzee wangu..."

"Mpelekee daktari," kaka akasema. "Mpakie umlete huku getini. Mimi natembea."

Korido nzima tuliimaliza kwa robo saa, watu wakitupita, mmoja akifyonya. Nje ya mlango wa daktari viti saba vya magurudumu vilikuwa vimepangwa ukutani, watu saba ndani yake, kila mmoja na faili mapajani. Kaka akaegemea ukuta apumue. Akawatazama.

"Jamani," akasema kwa sauti ile ya kuita mteja anayefuata, "nani hapa anatembea nyumbani kwake?"

Mwanzo walitazamana. Kisha mwanamke mmoja wa makamo akainua mkono. Mzee aliyekuwa karibu naye akainua. Mwingine. Mikono mitano, mingine ya kulia, mingine ya kushoto, kila mtu ule aliobakiwa nao.

Mlango ukafunguliwa. "Anayefuata!" daktari akaita bila kuinua kichwa.

Yule mwanamke akainama akatafuta breki ya kiti chake kwa vidole, akaifunga.