Mikanda ya Kiti cha Nyuma

Gari la Mzee Chumvi lilitoka kiwandani enzi ambazo watengenezaji waliamini kwamba abiria wa nyuma wana mifupa ya mpira. Mbele kulikuwa na mikanda miwili. Nyuma patupu: kiti kipana cha kukalisha watu watatu wanene na mwembamba mmoja wa kujazia, basi.

Mwenyewe aliitwa Chumvi kwa sababu hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikatoka bila kukolezwa. Alikuwa fundi viti mstaafu, wa makochi na wa magari, na aliapa kwamba gari lile liliwahi kupanda mlima likiwa limezimwa, kwa aibu tu ya kupitwa na baiskeli. Mtaa mzima ulicheka, haukuamini, na kila mmoja aliridhika.

Isipokuwa bintiye. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, na kwa hili hakutaka mzaha.

"Mtoto wangu hapandi gari lile, Baba. Hapandi mpaka liwe na mikanda nyuma."

"Wewe si ulikulia kwenye kiti kile kile? Ulikuwa unasimama juu yake kama kasuku."

"Na ninaowapokea kazini nao walisimama kama kasuku."

Mzee akaenda kukikagua kiti kile. Tangu mkewe afariki, asubuhi zake zilikuwa hazina mlango wala dirisha. Shule ya mjukuu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na muuguzi, akitoka zamu macho mekundu, ndiye aliyekuwa akimpeleka mtoto kwa miguu. Mzee alitaka kitu kimoja tu duniani: awe yeye wa kumpeleka.

Akaenda kwenye yadi ya magari mabovu, akapata mikanda miwili mizima. Akampitia jirani yake, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Cheche.

"Toboa sakafu," Cheche akamwambia. "Chini yake nichomelee bamba la chuma, bolti ipite hapo. Mkanda unashika bodi, haushiki kiti."

"Nitoboe sakafu? Zulia lile nimelishona kwa mkono wangu juzi juzi!"

"Basi mjukuu wako akalie zulia."

Mzee akaondoka amenuna. Maisha yake yote aliamini kwamba fundi mzuri haonyeshi msumari. Kochi likionyesha lilipofungwa, mteja harudi. Kwa hiyo akakinyanyua kiti cha nyuma kutoka kwenye vibanio vyake viwili, akakipindua barazani, akaifunga mikanda kwenye fremu ya kiti chenyewe, ndani kabisa, chini ya springi. Akarudisha sponji, akashona kitambaa. Mikanda ilichomoza kwenye mishono kana kwamba ilizaliwa humo. Kiti kiliporudi mahali pake, akapiga magoti juu yake, akaivuta mikanda hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Haikutikisika. Haikumjia akilini kwamba aliyekikandamiza kiti kisitoke ni yeye mwenyewe, kwa uzito wake.

Bintiye akaja kukagua. Naye akakaa, akajifunga, akavuta. Akapapasa mshono kwa kidole.

"Baba, hii ndiyo kazi."

"Ungevuta zaidi, gari lingekufuata mpaka hospitali."

Akacheka. Mzee hakuwa ameusikia mcheko ule tangu msiba.

Jumapili akamzungusha mjukuu mtaani, ili azoee. Mtoto amefungwa mkanda, miguu inaning'inia, anapungia mkono watu wasiomjua. Kwenye kona ya duka la vipuri, mkokoteni wa maji ukachomoza. Mzee akakanyaga breki.

Tak!

Kiti kikachomoka kwenye vibanio, kikateleza mbele na mtoto juu yake. Mkanda ulikuwa umemshika barabara. Umemshikisha kwenye kitu kinachokwenda. Magoti yake yakagonga mgongo wa kiti cha mbele.

"Babu! Kiti kimetembea!"

Moyo wa Mzee ulishuka mpaka kwenye klachi. Lakini ulimi wake, kama kawaida, haukungoja kutumwa. "Ndiyo tabia yake, bibi wewe. Kikimpenda abiria, kinasogea kumwambia dereva."

Mtoto akacheka kwa kwikwi. Mzee akashuka, akakisukuma kiti kwa goti hadi kikaingia.

Nyumbani mtoto hakuvua hata viatu. "Mama! Kiti cha Babu kinatembea! Kinanipenda!"

"Na chai kinakunywa?" Muuguzi akamgeukia baba yake akicheka, uso umemlainika. "Wewe utaniharibia huyu. Haya, kesho mpeleke shule, mimi nikitoka zamu nilale hata kidogo."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Mzee alifungua mdomo. Kilichotoka ni: "Sawa, mwanangu."

Asubuhi alipotoka na funguo, usiku kucha hajalala, mtoto alishakaa nyuma na mkoba mapajani. Mama yake, bado amevaa sare ya kazini, alikuwa anambana mkanda.

"Mshushe," Mzee akasema.

"Kwa nini?"

"Kile kiti kilitembea kweli jana."

"Baba, atachelewa. Hiyo hadithi utaimalizia jioni." Akafunga mlango wa gari, akapiga miayo.

"Sitanii."

"Siku zote hutanii."

Mzee akaona hakuna neno lililobaki ambalo hakuwahi kulitumia kwenye uongo. Akafungua mlango wa nyuma, akamfungua mtoto, akambeba hadi kwenye ngazi ya nyumba. Akarudi. Safari hii hakupanda kitini. Alisimama chini, akaishika mikanda yote miwili, akavuta.

Kiti kizima kiling'oka. Kikaja na springi, sponji na mishono yake mizuri, kikakwama kwenye mlango wa gari kama ulimi uliotolewa. Mzee akaanguka matako chini, mikanda bado iko mikononi.

Hakuna aliyecheka. Hata mtoto.

Muuguzi alikigusa kiti kwa ncha ya kiatu. "Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa nacheka, ulijua?"

"Ulikuwa unacheka, mwanangu. Nikashindwa."

"Kila anayemleta mtoto pale kwetu ananiambia ilikuwa safari fupi tu." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akauchukua mkoba, akamshika mtoto mkono, akaenda naye shule kwa miguu.

Siku ile ile Cheche alitoboa sakafu. Zulia likakatwa, na Mzee hakuguna. Alilala chini ya gari akishika taa, cheche zikimrukia kwenye ndevu. Mabamba yakachomelewa, bolti zikapita, nati zikakazwa. Sasa mikanda ile ingemzuia fahali. Mzee akamwita bintiye. Naye, bila kubadilisha nguo, akajiingiza chini ya gari, akashika nati moja moja.

"Imara," akasema akijipangusa vumbi.

Mzee akangoja. Hakikuja kingine. "Basi kesho nimpeleke?"

"Bolti naziamini, Baba," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake Mzee aliwasha gari mapema, akalipasha moto getini. Wakatoka. Mtoto akavuta mkono wa mama yake kuelekea kwenye gari. Mama akamwambia neno, wakapita. Mzee akazima injini. Hadithi tatu zilimjia mdomoni, nzuri zote, akazimeza. Akashuka, akaanza kuwafuata kwa miguu, akiacha nafasi ya kutosha ili asiambiwe arudi.

Kwenye barabara kuu muuguzi alisimama kungoja magari yapite. Hakugeuka, ingawa viatu vya Mzee vilikuwa vinakwaruza changarawe waziwazi. Aliyegeuka ni mtoto. Akanyoosha nyuma mkono wake uliokuwa mtupu, kiganja wazi.

Mzee akautazama ule mkono, kisha kisogo cha bintiye, asijue kama ameruhusiwa kuushika.