Levo ya Panya wa Manase

Katika ofisi ya Alhaji Abdulsalam pale Njombe mjini, kompyuta ilikuwa moja na panya wake mmoja, na huyo panya hakulala ofisini. Alilala mtaa wa Ramadhani, nyumbani kwa Manase Mlowe, ndani ya mfuko wa koti lililotundikwa nyuma ya mlango wa chumbani. Kila jioni Manase alimwondoa mezani, akamfuta kwa leso, akamtia mfukoni na kwenda naye. Bila panya hakuna wa kuigusa mashine, na hivyo ndivyo Manase alivyotaka.

Manase alikuwa karani mkuu wa ofisi ile tangu ikiwa ya ushirika, enzi za muhuri na karatasi ya kaboni. Ushirika ulipokufa, Alhaji Abdulsalam, msafirishaji wa Makambako mwenye malori saba, alinunua ghala pamoja na meza, viti na kabati, na Manase akakutwa humo humo. Alhaji hakumfukuza. Alimwacha kama alivyoliacha kabati.

Mwaka 2004 Alhaji alitoka Dubai na ile kompyuta. Panya wake hakuwa na waya. Watu wa ofisini walimgeuza geuza wakitafuta mahali mkia ulipokatikia, mpaka Manase akawanyang'anya.

"Huyu ni wayalesi," alisema. "Anavuta hewani."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu Manase alikuwa na cheti. Alikuwa amekaa Iringa wiki mbili akisoma kompyuta, wiki ya pili mwalimu akiwa amefiwa. Cheti kilipigwa fremu kikatundikwa juu ya mashine. Mashine yenyewe ilifunikwa kitambaa alichokifuma mkewe Emilia, chenye maua ya rangi ya waridi pembeni, na mlangoni pakabandikwa tangazo: VUA VIATU. Ukizingatia baridi ya Njombe mwezi wa saba na sakafu ya saruji, walioingia mle ndani walikuwa wachache, na waliotoka walikuwa wanapiga chafya.

Aliyelazimika kuingia kila siku ni Vestina, mpiga chapa, mama mmoja wa kijiji cha Mdandu ambaye ofisini walimwita Mama Remmy. Kazi ilifanyika hivi: Vestina aliandika, Manase alishika panya. Vestina hakuruhusiwa kumshika.

"Mzee, lile faili la mahindi," Vestina angesema.

"Liko wapi?"

"Juu kidogo. Kulia. Kulia kwako, Mzee. Hapo, bonyeza. Mara mbili."

Na Manase angebonyeza mara mbili, kisha angejiegemeza kitini na kushusha pumzi kama mtu aliyetoka kupasua kuni. Kusema kwamba Manase aliiendesha kompyuta ni sawa na kusema utingo ndiye anayeendesha lori, maadam ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Lakini Manase mwenyewe aliamini, na Emilia aliamini zaidi yake.

Basi kabla mwaka haujaisha ikaja siku Alhaji akawaita wote wawili. Biashara yote sasa iko Makambako, alisema, njia panda ya malori na stesheni ya reli, Njombe anafunga. Ofisi mpya ina kiti kimoja.

"Jumamosi ijayo nina wageni wangu wa Zambia, wanunuzi wa mbao," alisema. "Yule atakayewatolea hati ya mzigo kwenye mashine wakiwa wamekaa, huyo ndiye meneja wangu wa Makambako. Mwingine tutaagana kwa heshima."

Kila mtu alijua maana ya kuagana kwa heshima. Waliokwisha kuagana hivyo walipewa mkono na gunia la mahindi, wakaenda kuuza mkaa. Manase alikuwa na miaka hamsini na minne. Usiku ule hakula. Aliogopa, aliogopa kwa kweli, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa mbele ya mkewe alimwambia kwamba umeneja umeshapita, bado kutangazwa tu. Kufika Jumapili umoja mzima wa wanawake wa usharika, pale kanisani, ulikuwa na habari.

Jumatatu panya akaanza kugoma.

Kwanza mshale kwenye kioo ulitetemeka. Kisha ukawa unaruka. Kisha ukasimama kabisa, na chini ya kioo kikatokea kibao cha njano chenye maneno ya Kiingereza. Manase alimtoa Vestina nje, akafunga mlango, akavaa miwani akasoma neno moja moja kwa kidole. Cheki. Alilijua. Betri. Alilijua pia, akalipita, kwa sababu betri ni kitu cha lori na hapakuwa na lori mle ndani. Levo.

Hapo akatabasamu. Mtu hafanyi kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la mbao asijue levo ni nini. Mafundi wote wa Njombe hupiga levo. Ukuta usio na levo unaanguka, kabati lisilo na levo halifungi mlango. Mashine ya Dubai ilikuwa inamwambia, kwa adabu, kwamba meza yake imeinama.

Alivaa viatu akaenda mbio kwa fundi Festo, seremala wa jirani, kuazima pima maji, kile kifaa cha kupimia levo. Aliiweka mezani. Kipovu kilikimbilia kushoto. Manase akapiga magoti, akachonga kabari ya paini, akaisukuma chini ya mguu wa meza, akapima, akachonga nyingine. Alifanya hivyo saa nzima na jasho likamtoka. Kipovu kilipotulia katikati, alimshika panya, na panya akaenda.

Mtoto yeyote wa Mdandu angekueleza kilichotokea. Mawe ya redio, zile betri ndogo, yakiishiwa nguvu, unayapumzisha, unayaanika juani, wengine huyang'ata kwa meno, halafu yanaimba tena kidogo kabla ya kufa moja kwa moja. Panya alikuwa amepumzika saa nzima. Lakini Manase alikuwa ameshaandika tangazo la pili na kulibandika: MEZA HII ISIGUSWE. IKO LEVO.

Vestina alilisoma tangazo akiwa na soksi, akamtazama panya, kisha akamtazama Manase.

"Mzee," alisema taratibu, "mimi nadhani hiki kitu kinatumia mawe. Nimeona kifuniko pale tumboni, kama cha redio yangu."

Manase alicheka mpaka akavua miwani.

"Mawe? Mama Remmy, kompyuta imepanda ndege kutoka Dubai ije itumie mawe kama redio ya Mdandu? Ukifika Makambako usiseme hivyo mbele ya watu. Utatuaibisha."

Vestina alirudi kwenye kuandika. Alikuwa amesema mara moja, kwa heshima, na kwao walimfundisha kwamba mtu mzima haambiwi jambo mara mbili. Tena na yeye alikitaka kile kiti.

Wiki nzima panya aligoma na wiki nzima Manase alichonga kabari. Ijumaa, Seleman, dereva wa Alhaji, alipakia kompyuta kwenye lori kuipeleka Makambako. Panya hakupakiwa. Asubuhi ya Jumamosi Manase alivaa suti yake ya harusi ya binti yake Elina, akamtia panya mfuko wa kulia, kabari sita mfuko wa kushoto, na pima maji ya Festo akaishika mkononi.

"Baba Elina," Emilia alimwambia mlangoni, "redio imekata tangu juzi. Usirudi bila mawe. Jana sijui hata nani kafa."

Emilia hakosi matangazo ya vifo, na mtu wa cheo cha meneja hawezi kukosa kwenda msibani kwa sababu ya redio. Kwa hiyo aliposhuka Makambako, Manase alinunua mawe mawili madogo kwenye kibanda kando ya barabara. Akayatia mfuko wa kulia, pamoja na panya.

Ofisi mpya ilikuwa jirani na reli. Alhaji alikaa mbele na kanzu yake nyeupe, wageni wawili wa Zambia kushoto kwake, Vestina amesimama ukutani na daftari. Manase alivua viatu peke yake, kwa kuwa hapakuwa na tangazo. Alimtoa panya, akamweka mezani, akamsukuma. Mshale haukutikisika. Kibao cha njano kilitokea pale pale.

"Dakika moja, Alhaji," alisema Manase. "Ni suala la levo."

Akaweka pima maji. Kipovu kikakimbia. Ile sakafu ilikuwa imesakafiwa na mtu aliyelipwa nusu, na iliinama kutoka dirishani mpaka ukutani. Manase akapiga magoti na suti yake, akaingia chini ya meza, akaanza kusukuma kabari. Alipokaribia kupata, treni ya mizigo ikapita na meza ikatetemeka na kabari mbili zikachomoka. Akaanza upya.

Mgeni mmoja, kwa Kiswahili cha mpakani Tunduma, aliuliza kama huyu ndiye seremala.

"Mlowe," Alhaji aliita. "Unatafuta nini huko chini?"

"Levo, Alhaji. Mashine yenyewe imeandika. Nimebakiza kidogo."

"Hati ya mzigo iko huko chini?"

"Hapana, Alhaji. Iko juu. Ila bila levo haitoki."

Alinyoosha mkono kuifikia kabari ya nyuma, akajipinda ubavu, na mfuko wa koti ukapinduka. Mawe mawili yakadondoka. Kwenye sakafu iliyopigwa levo yangelala pale pale yalipoangukia, Manase akayaokota na mambo yakaisha. Sakafu hii iliyapokea ikayapeleka. Yalibingirika taratibu chumba kizima, watu wote wakiyatazama, yakapita mbele ya viatu vya Alhaji na kusimama kwenye kiatu cha Vestina.

Vestina aliinama akayaokota. Aliyapima mkononi.

"Alhaji, niruhusu," alisema.

Alimchukua panya. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika. Alimgeuza chali, akafungua kifuniko cha tumboni kwa ukucha wa dole gumba, akatoa mawe mawili yaliyochoka, akatia yale mapya, akafunga. Taa nyekundu ikawaka. Alikaa kitini, akafungua faili la mbao bila kuuliza liko wapi, akaandika, akabonyeza, na mashine ya kuchapia ikatoa karatasi. Wageni wakaipokea kwa mikono miwili. Kazi yote haikufika dakika tano.

Manase alikuwa bado chini ya meza. Aliona miguu ya watu, akaona soksi zake mwenyewe, moja imetoboka kidoleni. Aliona aibu, aibu ya kutaka treni irudi ipite tena ili watu watazame dirishani. Alipotoka alikuwa na vumbi magotini.

"Mama Remmy," alisema Alhaji, "usiondoke kwenye kiti hicho. Ni chako."

Kisha akamgeukia Manase, na hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee Mlowe, kile cheti cha Iringa kilikuwa cha kompyuta au cha uashi?"

"Alhaji, mawe ni yangu," alisema Manase. Ndicho kitu pekee kilichomjia. "Nimeyanunua mwenyewe, asubuhi hii. Yalikuwa mfukoni mwangu."

"Ndiyo," alisema Alhaji. "Umekuja nayo. Umeyaweka pamoja na panya, mfuko mmoja, ukaingia chini ya meza." Akampa mkono. "Tutaagana kwa heshima."

Vestina hakucheka. Alimsogezea viatu vyake, akamwambia, "Mzee, vaa, sakafu ina baridi." Manase angependa zaidi kama angecheka.

Seleman alimrudisha Njombe kwenye lori, gunia la mahindi nyuma, pima maji mapajani. Walipoanza kuona taa za mji, dereva alimgeukia.

"Mzee, si ungejaribu tu kukifungua kile kifuniko," alisema.

"Kuna mtu aliniambia," alijibu Manase.

Nyumbani Emilia alikuwa amechinja jogoo. Alikuwa amefunga kitenge kipya, na redio ameishusha kutoka kabatini na kuiweka katikati ya meza, kifuniko cha nyuma kimeshafunguliwa, inangoja.

"Kamwene, meneja," alimpokea kwa salamu ya Kibena. "Pole na safari. Lete mawe, matangazo yanakaribia."

"Sikurudi nayo."

"Hukununua?"

"Nilinunua. Meneja kayachukua."

Emilia alicheka kwanza, kisha kicheko kikakatika.

"Meneja gani, Baba Elina? Si wewe?"

Manase aliisogeza redio kando, akaweka pima maji ya Festo juu ya meza ya chakula, akainama kuitazama. Kipovu kilitulia katikati. Meza yao ilikuwa levo kabisa.