Chumvi Iko Wapi, Nadine?

"Papa Floribert, leo njo aina gani?"

Swali lilitoka kwenye meza ya nyanya, na kabla aliyeulizwa hajafungua kinywa, muuza mawese akamjibia: "Leo njo ile mupya ya ile mupya!" Soko la Kataki likaangua kicheko. Papa Floribert Ngoy akangoja kicheko kiishe, akagonga mdomo wa megafoni mara mbili kwa kidole, tok tok, kisha akaendelea pale walipomkatiza.

"Ndugu na dada, mpox ya sasa si ile ya zamani. Imebadilika. Inapita mu kugusana ngozi. Tusipeane mikono, tusigongane vichwa kwa salamu. Muntu akiona upele asikae nao nyumbani, aende kituo cha afya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na bado itabadilika!" akapaza Mama Henriette, mwenye meza ya nyanya. "Virusi yako inabadilisha nguo kama bi harusi!"

Papa Floribert hakukasirika. Angekasirika mara ngapi? Alikuwa reko, yaani mtu wa mtaa anayebeba maneno ya kituo cha afya na kuyafikisha milangoni, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na miwili, na gileti yake ya bluu, kizibao cha kazi, ilikuwa imepauka hadi kufanana na mawingu. Alitangaza kipindupindu, alitangaza surua. Korona ilipofika aliitangaza, watu wakajifungia ndani. Ikabadilika, akatangaza, watu wakanung'unika. Ikabadilika tena, akatangaza, na safari hii hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye sufuria yake. Ndipo wakampa jina la Papa Aina-Mpya. Tena tusiwalaumu watu wa Kataki. Binadamu hawezi kuogopa kila siku. Hofu nayo huisha kama betri, na yeye aliyekuwa akinunulia megafoni yake betri alilijua hilo kuliko wote.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa mkewe mwenyewe, Mama Nadine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Lakini siku ile meza ya ndagala ilikuwa tupu. Siku ya tatu sasa Nadine alikuwa amebaki nyumbani, kimya, akisema jino linamuuma. Papa Floribert, Mungu amsamehe, alikuwa ameshukuru kwa mapumziko.

Adhuhuri akarudi nyumbani kula. Sasa, hawa wawili walikuwa na desturi yao. Tangu waoane, mwaka wa thelathini na moja huo, walikula bukari, ugali wa huko, kwenye sahani moja, na hata watoto walipokua na kwenda zao Moba na Lubumbashi, sahani ilibaki ile ile. Siku hiyo akakuta sahani mbili. Nadine alikuwa ameketi kwenye kona ya mbali, amevaa koti la mikono mirefu, na jua la Oktoba lilikuwa linachemsha malata ya bati juu ya vichwa vyao.

"Nadine, nionyeshe mukono."

"Njo jino, nilikuambia."

"Jino halivai koti."

Akakunja mkono wa koti pole pole. Kwenye kiwiko cha mkono kulikuwa na malengelenge manne, kila moja limebonyea katikati. Papa Floribert aliyajua. Kwa miezi mitatu alikuwa ametembeza sanduku la picha za upele nyumba kwa nyumba, na haya yalikuwa picha ya sita. Alikuwa amewafundisha watu wa mtaa mzima kuangalia ngozi zao, na kwake mwenyewe hakuangalia.

"Tangu lini?"

"Tangu juma hili. Najua mahali ilitoka. Kwenye kilio cha marehemu Papa Pierre, tulilala wamama mukeka kwa mukeka usiku tatu. Yule binti yake aliyetoka Bukavu alikuwa anajikuna." Akavuta begi dogo lililokuwa chini ya kitanda, lilikuwa limekwisha kufungwa. "Kesho asubuhi kuna mashua ya Mpala. Naenda kwa dada Emerance. Nikipona nitarudi, hakuna atakayejua. Floribert, nani atanunua tena ndagala yangu? Na weye, na megafoni yako! Watacheka mpaka meno itoke."

"Mu mashua utakaa na nani?"

Nadine akalivuta begi karibu.

"Watu arobaini, Nadine. Goti kwa goti, mutoto juu ya paja ya muntu asiyemujua. Utafika Mpala, na yenyewe itafika na weye."

"Sema tu kama unaniogopa."

Papa Floribert alikuwa mtu wa kusema kwa sauti kubwa, na maneno yaliyokuja sasa yalikuwa madogo. Ilibidi ayatafute.

"Weye sikuogopi. Naogopa nyumba hii bila weye."

Nadine akageuza uso ukutani. Papa Floribert akaketi vile vile, ugali ukipoa kwenye sahani mbili. Nje kuku walikuwa wanachakura. Kisha Nadine akarudisha macho kwenye mkono wake.

"Henriette tulilala mukeka moja. Shingo yake ilikuwa hapa, kwenye mukono yangu."

"Ndiyo."

"Basi tangaza." Akajifuta macho kwa upindo wa kitambaa. "Lakini ukitangaza, weka jina. Ukisema 'mama mumoja', watashuku wamama wote wa Kataki. Weka jina langu, na la kilio, na mukeka."

Papa Floribert alimsindikiza kwanza hadi kituo cha afya, juu mlimani, yeye mbele, Nadine hatua tano nyuma yake kama wageni wawili waliokutana njiani. Landry, yule muuguzi ambaye mtaa mzima unamwita Docta, akampeleka kwenye mahema yaliyopigwa nyuma ya kituo. Kisha akamkagua Papa Floribert ngozi yote, akamwambia arudi kukaguliwa kila asubuhi kwa majuma matatu na mikono yake akae nayo mwenyewe. Ndipo Papa Floribert akashuka tena sokoni. Safari hii hakugonga megafoni.

"Papa Floribert!" Henriette alimwona wa kwanza. "Umerudi? Leo njo aina gani?"

"Leo njo ya nyumba yangu," akasema.

Akasema yote: jina, kilio, mkeka, malengelenge manne. Hakuna aliyecheka. Muuza mawese akarudi nyuma hatua mbili. Mtu mmoja akasema, "Mganga hajigangi," lakini alisema chini chini, kama anayejiambia. Mama Henriette akavuta beseni lake la nyanya karibu na miguu yake, akainama kulipanga upya, na huku amejiinamia akapeleka mkono shingoni, chini ya kitambaa, akaushikilia pale.

Jioni ile ile meza ya ndagala ya Nadine ikakutwa imepinduliwa, miguu juu. Asubuhi yake, kabla Landry hajafungua mlango, wamama sita wa kilio cha Papa Pierre walikuwa wamekwisha kufika kituoni, vitambaa vimeshuka hadi kwenye nyusi. Watatu kati yao walirudi nyumbani. Watatu wakaingia kwenye mahema, na wa kwanza kuingia alikuwa Henriette.

Mahema yalizungushiwa uzio, na nje ya uzio ilifungwa kamba: mgeni haruki kamba. Kutoka hapo hadi kwenye mahema ni mbali, na upepo wa ziwa, unaovuma kutoka upande wa mahema, humrudishia sauti yake mtu wa kwenye kamba. Siku ya kwanza Papa Floribert aliita mpaka koo likamkauka, Nadine akawa anaona mdomo tu unafunguka na kufumba. Siku ya pili, saa kumi jioni, akaja na megafoni.

Tok tok.

"Nadine. Chumvi iko wapi?"

Mlima mzima ulisikia. Nadine akatoka hemani ameshika kichwa kwa mikono miwili, na nyuma yake Henriette, homa na yote, alikuwa amejikunja kwa kucheka. "Mama Nadine, jibu bwana yako! Anakula mboga ya chapwa!"

"Mu kopo ya maziwa!" Nadine akapiga kelele. "Juu ya kabati!"

Kesho yake, saa kumi ile ile: "Nadine, sijaiona."

"Nyuma ya kopo ya chai, weye muntu!"

"Nyuma upande gani?"

"Ya nyuma iko na upande ngapi?"

Ikawa hivyo kila siku. Chumvi haikuonekana. Watoto wa jirani na kituo waliikariri, wakawa wanaulizana chumvi iko wapi badala ya kusalimiana. Watu wakaanza kusogea saa kumi ikikaribia, kwanza wakisimama mbali, kisha kwenye kamba, maana kamba ilionyesha wazi mwisho wa hatari na mwanzo wa uvumi. Siku moja binti wa Henriette, Fanny, akamvuta Papa Floribert gileti kisha akakumbuka, akaachia haraka. "Papa, muambie mama yangu mutoto ameota jino." Megafoni ikatangaza jino. Mwingine akaleta habari ya mtihani wa mwanawe Aristote, mwingine salamu tu. Habari zikafuatwa na uji, uji ukafuatwa na kanga safi, vyote vikiachwa mezani kwenye kamba na kuchukuliwa na Landry. Mkono juu ya kifua ukawa salamu ya mtaa. Kuna waliobaki kukataa, wakipita njia nyingine na pua imezibwa. Na hao pia ni watu wetu. Lakini Papa Floribert alipopita sokoni na sanduku la picha, watu walianza kumwita yeye: "Lete tuone ile ya sita."

Siku ya ishirini na nne Landry akaikagua mikono ya Nadine kwenye mwanga, kidole kwa kidole. Magamba yote yalikuwa yameanguka, ngozi mpya imefunga, ya waridi kidogo. "Mama, nenda nyumbani," akasema. Henriette alikuwa bado amebakiwa na siku chache. "Nenda umutafutie chumvi huyo baba," akamwambia, "ametuchosha."

Nadine akatembea peke yake hadi nyumbani, kwa sababu hakumtumia mumewe habari, alitaka kumshtua. Njiani watu saba waliweka mkono kifuani. Mwanamke mmoja alivuka barabara. Nadine akawasalimu wote wanane.

Nyumba ilinuka klori. Meza yake ya ndagala ilikuwa imesimama uani kwa miguu yake minne, imesuguliwa, mguu mmoja umepigiliwa msumari mpya. Kutoka nyuma ya nyumba alimsikia Floribert akibadilisha betri na kujisemea. Akaingia jikoni, akapanda kigoda, akasogeza kopo la chai.

Kopo la maziwa lilikuwa pale pale alipoliacha. Alilijaza chumvi kwa mikono yake siku chache kabla hajaugua, hadi ukingoni. Sasa akalifungua, akaona bati la chini: chumvi ilikuwa imeliwa yote. Kijiko kilikuwa kimesimama ndani.

Nadine akabaki juu ya kigoda, kopo kifuani. Akaanza kuhesabu siku kwa vidole, saa kumi baada ya saa kumi, akaacha katikati kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Akashuka, akawasha moto. Floribert alipotokea mlangoni na megafoni yake, akamwona, akaitundika ukutani bila kuutazama msumari. Nadine alikuwa amekwisha kusonga bukari. Akaipakua kwenye sahani moja, na sombe ya majani ya muhogo pembeni, akaketi mkekani na kulificha kopo chini ya kitenge chake. Floribert akanawa mikono kwa maji ya klori, akanawa tena kwa mazoea, akaja kuketi upande wake wa sahani, goti lake likagusa la Nadine, na hakuna aliyelisogeza.

"Floribert!" Nadine akaita, kwa sauti ile ya kuvuka uzio, hadi kuku wakakimbia uani. "Chumvi iko wapi?"

Akamtazama mkewe. Akatazama juu ya kabati. Kisha, bila haraka, akanyoosha mkono hadi ukutani, pale megafoni ilipotundikwa.