Kahawa Niliyoikataa Ihanda

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu kule Kibingo alisema ningefaa kuwa polisi, nikaenda kusomea uuguzi. Mwaka wa mwisho wakanipanga mafunzo kwa vitendo kwa Sista Anatolia, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia. Tunamwita Sista kwa kuwa alianzia kwenye sindano kama sisi.

Siku hiyo tulikwenda Ihanda, na bodaboda ilipotuharibikia tukamalizia kwa miguu. Nikapata nafasi. Kwa nini uliacha wodi? Hivi kukaa na kuongea tu nako ni kazi?

"Kuna mama alikuja mara tisa analalamika tumbo linamuuma," akasema. "Vipimo safi. Mara ya kumi nikamuuliza nyumbani kukoje. Alilia mpaka mchana, na tumbo halikumrudia. Nikataka kujua kulikoni, nikarudi shule." Akanitazama. "Wewe Joyness, leo punguza mdomo."

Tulikuwa tunakwenda kwa Mzee Protase. Mkewe alizikwa wiki tatu nyuma, na tangu hapo mzee hakusema neno. Sasa ilikuwa siku ya nne hajatia chakula kinywani. Binti yake, Renatha, alipiga simu analia kwamba baba anakufa huku wanamwona.

Renatha alitupokea, lakini mzee hakuijibu shikamoo yangu. Mzee alikaa macho sakafuni. Sista naye akakaa, kimya. Dakika kumi nzima! Jamani, nilitaka kupasuka. Mara mzee akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile kavu ambayo huku kwetu mgeni hupewa kabla ya lolote. Akaninyooshea mimi.

Chuoni tumekaririshwa: usipokee kitu cha mgonjwa. "Asante baba, haturuhusiwi," nikasema, tena kwa kujivuna, nikakisukuma kikapu.

Mkono wake ukashuka. Akageukia ukuta. Renatha akaziba mdomo kwa kiganja. Ama kweli, Joyness! Mzaliwa wa Kibingo, niliyekua naiba kahawa ya wageni, leo namkatalia mtu kahawa nyumbani kwake! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sista hakunigombeza. Alimuuliza Renatha taratibu, "Hapa kwenu kikapu huwa anashika nani?"

"Mama," Renatha akajibu. "Baba sijawahi kumwona akikishika."

Kumbe! Wiki tatu mtu amejifungia, na siku anayonyoosha mkono, mimi nausukuma. Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, nimekosa. Naomba kahawa."

Hakugeuka. Nilikuwa na maswali mia. Sikuuliza hata moja. Nilikinga viganja tu, magoti yakaanza kuuma, nikaendelea kukinga.

Mwishowe akageuka. Akanimiminia punje chache. Nikatafuna. Zilikuwa chungu, na zilinukia majani yanayochemshwa pamoja nazo kabla ya kuanikwa.

"Ni zake," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Alizichemsha mwenyewe. Ndizo za mwisho. Sikutaka kuzila peke yangu."

Akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna polepole. Renatha alikuwa ameshakimbilia jikoni.