Somo la Mufano la Polycarpe

Kila mwisho wa mwezi, siye walimu wa Kingereza cha chuo tunakutana Kitshanga, vita ikuwe karibu ao mbali. Si Kingereza cha kusalimia wageni, hapana! Njo kile cha kusoma vitabu vya wataalamu na kuandika kazi ya mwisho ya chuo. Mumoja anafundisha somo la mufano, wengine tunakaa kwenye banki za darasa kama wanafunzi, halafu tunamukosoa. Sheria iko moja: wakati wa kukosolewa, mwenye somo ananyamaza. Hajitetei hata kidogo. Miye Kahambu njo prezida wa mikutano hii, na watu wanasema niko na mudomo. Basi, waseme.

Siku ile ilikuwa zamu ya Polycarpe. Kijiji chake, upande wa Nyamitaba, kilichomwa pamoja na shule yake, na sasa anaishi kambini na muke wake Vestine. Chuo chetu kilikuwa kinatafuta mwalimu mumoja, na Papa Édouard, direkta wa masomo, alishasema wazi kama ataamua kwa somo hili. Polycarpe akikosa, ni kurudia kwenye mugodi wa Omate kuchimba mawe. Alishajaribu kule, akarudi anakohoa usiku na mchana.

Somo lilikuwa tamu, wee! Alifundisha namna ya kusoma raporti ya wataalamu na kuuliza kila sentensi: nani aliona? Alikuwa amechagua raporti ya Kingereza juu ya vita ya Masisi, kwetu huku. Akaandika sentensi moja kwenye tablo, yenye kusema kama siku ya shambulio kijiji cha Polycarpe kilikuwa tupu, watu wote walishakimbia. Akasema pole pole, "Hii si kweli," na akaendelea na sentensi ingine.

Tukaanza kukosoa. Dada Adrienne, mwalimu mwenzetu, alisifu mwandiko, kama desturi inavyotaka. Halafu Papa Édouard akasimama.

"Mwalimu, umepinga raporti bila ushahidi. Mwanafunzi akinifanyia hivyo, ninamupa sifuri. Nani aliona?"

Polycarpe alinyamaza. Sheria njo ile. Aliangalia viatu vyake tu, na Papa Édouard alishaanza kuandika uamuzi wake. Aka! Damu ilinipanda.

"Papa Édouard, ngoja kwanza. Kukosoa kumesimama. Tunarudia somo, siye wote ni wanafunzi tena."

"Ekie, Mama Kahambu! Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Prezida ni miye ao ni weye?"

Wenzetu wakacheka. Nikainua kidole na kuuliza kwa Kingereza, "Mwalimu, siku ile, nani aliona?"

Akajibu kwa Kingereza vilevile, kwa kuwa tulikuwa ndani ya somo. "Miye niliona. Nilikuwa mulimani, kwenye shamba la maharagi. Watu walikuwa majumbani mwao. Nilizika mama yangu Nyiransabimana, na kisha nikazika majirani."

Hakuna aliyecheka tena. Adrienne alifunika uso na kitambaa chake. Papa Édouard alivua miwani, akasema, "Muntu aliyeona kwa macho yake ni ushahidi. Andika jina lako pale, chini ya sentensi ile." Polycarpe akaliandika. "Siku ya kwanza ya mwezi unaanza kazi," Papa Édouard akamuambia.

Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Siku ya kwanza ilipofika nikapita makusudi karibu na dirisha la darasa lake, nisikie tena somo lile. Kumbe anasomesha makala juu ya ugonjwa wa maharagi! Nikamungoja kwenye mulango, hasira imenijaa.

"Polycarpe! Tuligombana na direkta juu ya somo lile, na weye unaleta maharagi?"

Alipangusa vumbi la chaki kwenye mikono kabla ya kunijibu.

"Mama Kahambu, uliwaangalia mule ndani? Wengi wao ni watoto wa kambi kama miye. Nikileta raporti ile, kila mumoja atasimama aseme hii si kweli. Na kazi yangu itakuwa kumuuliza, nani aliona?"

"Basi waulize! Watajibu."

"Njo kitu ninaogopa, Mama. Watajibu."