Shuka la Karani

"Mama, mwache apumzike. Unamtesa bure," alisema mwanawe kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Dobi alikuwa amepitisha shuka jeupe chini ya tumbo la mbwa, ncha zake amezikamata kwa ngumi, akimtembeza Karani kutoka kwenye beseni hadi kwenye kamba za kuanikia na kurudi. Miguu ya mbele ilitembea. Ya nyuma ilining'inia tu kama soksi zilizoanikwa, na mmoja ulikuwa ukitetemeka wenyewe, usiku na mchana.

Jina la Karani alipewa na marehemu mume wa dobi, maana mteja hakuingia uani kabla ya kunuswa toka viatuni hadi mifukoni. Ugonjwa ulianza kwa makamasi na homa. Wakadhani mafua, kumbe! Ukapanda ubongoni, degedege likamwangusha mchana kweupe, na lilipomwachia, kiuno kilikuwa kimekufa ganzi. Tangu hapo dobi alimlisha uji kwa mkono, alimgeuza asipate vidonda, alimkamua mkojo. Daktari wa mifugo alitoa dawa, akasema mazoezi, akasema na lile neno jingine: Jumamosi akikuta miguu haishiki ardhi, watampumzisha milele kwa sindano.

Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

"Baba angekuwa hai angeshakubali," alisema kijana.

"Baba yako hakuniachia mwingine wa kushinda naye. Wewe unakuja mara moja moja kama mvua ya kiangazi."

Kijana akainamisha macho kwenye chai.

Daktari alifika na mkoba wake, akasalimia, akaomba aone anavyotembezwa. Dobi akainua shuka. Daktari alichuchumaa, akapitisha kiganja chini ya nyayo za nyuma. Kikapita bila kugusa kitu.

"Mama, mbona miguu haifiki chini?"

"Ifike vipi?" alisema dobi. "Shuka si litachafuka?"

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Tangu usichana wake, mkono wake haukuwahi kuruhusu shuka safi liguse ardhi. Aliliinua bila kujua, kama mtu anavyopepesa macho.

"Siku zote umemshika hivi?"

"Siku zote." "Yarabi! Basi nimemlemaza mwenyewe."

"Ugonjwa ndio uliomlemaza," alisema daktari. Alitazama mkoba wake, kisha kikombe cha kijana. "Mshushe. Mimi naomba chai kwanza; sindano ingoje."

Kijana akamletea. Dobi akalegeza ngumi, ila vidole viligoma nusu njia. Kijana akaja akashika ncha ya pili.

"Legeza, mama."

"Legeza wewe! Mimi mikono haisikii."

Wakashusha pamoja. Shuka likalala kwenye tope la maji ya sabuni, na Karani akaporomoka juu yake, kidevu kikagonga chini. Akalia kidogo. Dobi naye akalia, hakujificha. Wakamwinua, akaanguka. Wakamwinua tena, nyayo zimekunjika, zinaburuzwa kwenye tope, na uani hapakusikika kitu ila kuhema kwa mbwa na daktari akinywa chai polepole kuliko mtu yeyote anavyokunywa chai.

Halafu kucha za mguu wa nyuma zikakwaruza ardhi.

"Umeona, daktari?"

"Nimeona."

"Ni yeye, au ni ule mtetemo wa ugonjwa?"

Daktari alichungulia ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Kijana," alisema, akikinyoosha bila kuondoa macho kwenye mguu ule, "hakuna kingine?"

Kijana alikuwa ameshika shuka, hakuweza kwenda. Dobi akashusha mikono zaidi, hadi vidole vyake vyote vikazama kwenye tope.